Cha kupimiwa, cha kung'ata au cha ulimi? Ulinganisho wa vifaa vya mdomoni kwa anayekatika pumzi usingizini

Aliyeanza kuhesabu ni mke wangu. Nilikuwa nakoroma tangu ujana na hakuna aliyejali, maana kwetu mtu mzima akikoroma watu husema amelala usingizi mzito baada ya kazi. Usiku mmoja akaamka kwa sababu mkoromo ulikatika ghafla. Kimya. Kifua changu kilikuwa kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti, kisha nikashtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo kama mzamiaji aliyeibuka. Akakaa kitandani akahesabu: mara tisa ndani ya nusu saa. Asubuhi akaniambia, "Mwalimu, hili si jinamizi. Wewe unakatika pumzi. Nenda hospitali."

Wazee wa kwetu Mikindani wangesema nimekabwa. Kinachotokea ni kwamba misuli ya koo hulegea mtu akilala, ulimi na kaakaa laini vikaanguka nyuma, njia ya hewa ikaziba kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unakugutusha bila wewe kujua, unavuta pumzi, unalala tena, na mambo yanaanza upya. Madaktari huita apnea ya usingizi. Asubuhi unaamka na kichwa kizito na kinywa kikavu, mchana unasinzia ukiwa umekaa, na mara nyingi shinikizo la damu linagoma kushuka hata ukimeza dawa kwa wakati.

Nimeandika haya kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba ana tatizo hili, au anayelishuku, na sasa hajui achague kifaa gani. Vifaa vya mdomoni ninavyolinganisha ni vitatu. Mashine ya kusukuma hewa, ile ambayo hospitalini utasikia ikiitwa CPAP, nimeiweka kando yao kwa sababu ndiyo tiba ambayo nyingine zote hupimwa kwayo.

Kwanza, jua namba yako

Kabla ya kifaa chochote kuna namba moja ya kuijua: pumzi yako inakatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa. Chini ya 5 ni kawaida. Kuanzia 5 hadi chini ya 15 ni hafifu, 15 hadi chini ya 30 ni wastani, na 30 kwenda juu ni kali. Namba hii hupatikana kwa kupimwa usiku mzima, ama hospitalini ukiwa umefungwa nyaya kichwani na kifuani, ama nyumbani kwa kifaa kidogo chenye kibano cha kidoleni, kamba ya kifuani na kijibomba cha puani. Kipimo cha oksijeni cha kidole peke yake, kile tulichokizoea wakati wa korona, kinaweza kumtia daktari shaka lakini hakitoshi kuamulia tiba.

Kwa mtu wa Mtwara pa kuanzia ni hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Wa Lindi mjini wana hospitali ya Sokoine, na walio bara ya mikoa hii miwili wako karibu zaidi na Ndanda au Nyangao. Usiende kusema "nakoroma" tu, kwa sababu utarudishwa na vidonge vya mafua. Sema: napoteza pumzi usingizini, mwenzangu ameniona, nasinzia mchana, presha haishuki. Nenda na huyo mwenzako kama inawezekana, maana yeye ndiye shahidi. Kisha omba rufaa ya kupimwa usingizi, na uliza kwa simu kipimo kinafanyika wapi kabla hujakata tiketi ya basi.

Ukishaijua namba, vigezo vya kuchagulia ni hivi: nguvu ya kifaa kuzuia pumzi isikatike, hali ya meno, fizi na taya yako, usiku wenyewe unavyokuwa, mazingira yetu ya umeme, maji, joto na vumbi, idadi ya safari za kurudi kwa daktari, na pesa.

Vyenyewe ni vipi

Cha kupimiwa hutengenezwa na daktari wa kinywa na meno. Unang'ata udongo maalumu unaochukua umbo la meno yako, maabara ya meno inatengeneza vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa ili taya la chini likae mbele kidogo kuliko kawaida yake. Taya likisogea mbele ulimi nao unavutwa, na koo linapata nafasi. Kilicho bora kina skrubu au mikanda ya kubadilisha, ili taya lisogezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Cha kung'ata kinafuata wazo hilohilo ila kinauzwa kikiwa tayari. Unakichovya kwenye maji ya moto kikalainika, unaking'ata huku umesukuma taya mbele, unakitia kwenye maji baridi kikashika umbo. Tofauti yake na cha kupimiwa ni ile ya shati la dukani na shati la fundi: yote mawili ni mashati, lakini la fundi limekatwa kwa mabega yako.

Cha ulimi hakigusi meno kabisa. Ni kibofu laini cha silikoni kinachokaa mbele ya midomo. Unakiminya kutoa hewa, unaingiza ncha ya ulimi, unakiachia, na kinaufyonza ulimi ukabaki mbele usiku kucha. Wazo lake si geni: Rosalind Cartwright na Charles Samelson wa Chicago walichapisha matokeo ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1982.

Mashine hupuliza hewa kupitia barakoa ya puani, au ya pua na mdomo. Msukumo wa hewa unashikilia koo lisifunge, kama upepo unavyoshikilia tyubu ya baiskeli isisinyae. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney ndio walioieleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1981.

Nguvu ya kuzuia pumzi isikatike

Kwa nguvu tupu, mashine iko mbele. Ikivaliwa sawasawa huishusha namba karibu na kawaida kwa watu wengi, hata wenye hali kali. Hilo sina sababu ya kulificha.

Cha kupimiwa kwa wastani huipunguza namba kwa takriban nusu. Lakini wastani unaficha mengi. Takriban theluthi moja ya wanaokivaa hushuka chini ya 5, wengine hupata nafuu kubwa bila kufika huko, na wengine hawasaidiki sana. Wanaonufaika zaidi ni wenye hali hafifu au ya wastani, wasio na unene mkubwa, na wale ambao pumzi yao hukatika zaidi wakilala chali kuliko ubavu. Kwa hiyo chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi, katika mwongozo wa 2015 walioutoa pamoja na madaktari wa meno wa fani hiyo, kilipendekeza vifaa vya mdomoni kwa mtu mzima ambaye mashine imemshinda au ambaye hataki kuitumia, na kikasema kiwe cha kupimiwa na kinachorekebishika.

Cha kung'ata kina kesi yake, na nataka niitendee haki. Katika hospitali ya Papworth, Uingereza, utafiti uliochapishwa 2014 uliwajaribisha watu 90 wenye hali hafifu na ya wastani. Cha kung'ata kiliipunguza namba kwa asilimia 26, cha kupimiwa kwa asilimia 36. Si tofauti ya mbingu na ardhi, na cha kung'ata kilikuwa bora kuliko kukaa bila kitu. Utafiti mwingine wa Antwerp, Ubelgiji, uliochapishwa 2008, ulitoa picha kali zaidi: cha kupimiwa kilifanikiwa kwa watu 60 katika kila 100, cha kung'ata kwa 31, na moja ya sababu kubwa ni kwamba cha kung'ata kilikuwa kinachomoka usiku. Nikiziweka tafiti hizo pamoja, naona cha kung'ata kinaweza kumfaa mtu, ila huwezi kujua kama ni wewe mpaka upimwe ukiwa umekivaa.

Cha ulimi, kwa anayeweza kukivumilia mpaka asubuhi, huipunguza namba kwa kiasi kinachokaribiana na vifaa vya taya. Tatizo lake ni hilo neno "kuvumilia", na nitalirudia.

Kuna jambo moja linalowapa vifaa vya mdomoni heshima yao. Mwaka 2013 watafiti wa Australia waliwapa watu walewale mashine kwa mwezi mmoja na kifaa cha taya kwa mwezi mwingine. Mashine ilizuia pumzi kukatika vizuri zaidi, lakini ilivaliwa kwa wastani wa saa 5.2 kwa usiku, na kifaa cha taya saa 6.5. Mwisho wa yote, usingizi wa mchana na afya ya jumla vilikuwa karibu sawa kwa wote. Mashine iliyowekwa juu ya kabati haimtibu mtu.

Na sasa lile lililonigharimu karibu mwaka mzima. Nilianza na cha kung'ata, nilichokinunua mtandaoni kwa muuzaji aliyeahidi kwamba kinaponya apnea. Mkoromo ulipungua sana. Nyumbani tulishukuru. Lakini niliendelea kusinzia nikisahihisha madaftari, na siku moja niligutuka nikiwa nimesimama kwenye usimamizi wa mtihani. Nilipopimwa upya nikiwa nimekivaa, namba ilikuwa imeshuka kutoka 22 hadi 16 tu. Koo lilikuwa limeacha kelele, halijaacha kuziba. Tafadhali lishike hili kuliko yote niliyoandika: kimya cha usiku si ushahidi kwamba umepona. Ushahidi ni kipimo cha pili.

Meno, fizi na taya

Hapa ndipo wengi wetu tunapoamuliwa bila kujua. Vifaa vyote viwili vya taya hushikilia meno, na usiku kucha misuli inataka kulirudisha taya nyuma, kwa hiyo meno hubeba mzigo huo kwa saa saba au nane. Madaktari kwa kawaida hutaka uwe na meno imara kati ya 6 na 10 kwa kila taya, yaliyosambaa na si ya mbele peke yake. Jino linalotikisika litatikisika zaidi. Fizi zinazovuja damu zitibiwe kwanza: kukwangua ugaga, kuziba matundu, kung'oa lisilookoka. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu ukichukuliwa umbo la meno leo, kisha mwezi ujao ukang'olewa gego au ukazibwa jino, kifaa kipya hakitakaa tena sawasawa.

Jingine ni uwezo wa taya lenyewe. Simama mbele ya kioo, sukuma taya la chini mbele kadiri uwezavyo. Kama halisogei hata milimita tano, au kiungo cha taya mbele ya sikio kinalia na kuuma, mwambie daktari kabla hajaanza. Kifaa cha kupimiwa kwa kawaida huanzia kwenye nusu au zaidi kidogo ya mwendo wako wote wa taya, kisha kinasogezwa taratibu. Skrubu nyingi husogea kwa robo milimita kwa mzunguko. Huo uwezo wa kwenda taratibu ndio tofauti kubwa na cha kung'ata, ambacho mara nyingi ukishaking'ata vibaya umeking'ata, na taya linaweza kuwa mbele mno ukapata maumivu, au nyuma mno usipate faida.

Wiki za mwanzo tarajia mate mengi au kinywa kukauka, meno kuhisi yamebanwa, taya kuchoka asubuhi. Kwa wengi hupungua. Linalodumu ni hili: baada ya miaka, meno ya juu na ya chini yanaweza kubadilisha namna yanavyokutana, milimita moja au mbili. Wengine hawalioni, wengine wanaliona wakitafuna. Daktari wangu alinipa kipande kidogo cha kung'ata kila asubuhi baada ya kuvua kifaa, mpaka meno ya nyuma yakutane tena. Nakifanya nikiwa nasubiri chai ichemke.

Cha kung'ata kina hatari hizo zote, ila hakuna anayezifuatilia. Anayesaga meno usiku atakitoboa mapema. Hata cha kupimiwa kwake kiwe kigumu zaidi.

Cha ulimi ndicho kimbilio la mzee asiye na meno, au mwenye meno ya bandia anayoyavua usiku, au ambaye fizi zake haziwezi kubeba mzigo. Hakiyashiki meno kama vile vya taya. Badala yake ncha ya ulimi inaweza kuvimba na kuuma, na mtu mwenye ulimi mfupi au ulioshikwa na uzi wa chini hawezi kukivaa vizuri.

Mashine haijali meno hata kidogo. Inajali uso: barakoa ikaze bila kuvuja, isichubue pua.

Usiku wenyewe

Cha kupimiwa kikiwa kimekaa vizuri, unaweza kuongea maneno machache, kunywa maji kidogo na kugeuka upande wowote. Ukiamshwa kwa daku unakivua kwa sekunde mbili na ukirudi kulala unakivaa tena, jambo ambalo watu husahau: usingizi wa baada ya alfajiri na ule wa mchana nao huhesabika, na koo halijui saa. Cha kung'ata ni kinene zaidi, midomo haifungi vizuri, na wengi hukikuta kwenye mto asubuhi.

Cha ulimi kinataka ustahimilivu wa kweli. Mate hutiririka, huwezi kusema neno, na kikipoteza ufyonzaji kinadondoka bila wewe kujua. Katika majaribio yaliyokilinganisha na cha taya kwa watu walewale, wengi walichagua cha taya. Namfahamu mama mstaafu wa hapa Shangani ambaye alikivaa saa moja tu kwa usiku wiki ya kwanza, akiwa anasikiliza redio, wiki ya pili saa mbili, mpaka akafika asubuhi. Njia hiyo ya polepole naiona sahihi kwa vifaa vyote vinne.

Mashine ina sauti ndogo na mpira mrefu, na kuna watu ambao barakoa inawapa hofu ya kubanwa. Wengine usiku wa kwanza tu wanalala kama hawajawahi kulala. Usiikatae kwa kuisikia, iombe uijaribu.

Umeme, maji, joto na salfa

Mashine inahitaji umeme, na umeme ukikatika saa nane usiku, tiba imekatika nao. Hutakosa hewa, barakoa zina matundu ya kutolea, lakini koo litarudi kuziba kama zamani. Bila kile chombo cha kutia unyevu haitumii umeme mwingi, kwa hiyo betri ya akiba au sola iliyopangwa na fundi anayejua hesabu inaweza kuibeba usiku. Chombo cha unyevu nacho kinataka maji yaliyokenekwa. Usithubutu kutia maji ya betri ya gari, hata muuzaji akikuapia ni safi. Kuna yanayouzwa yakiwa na asidi, na hayo ungeyavutia mapafuni. Kwenye unyevu wa pwani yetu baadhi ya watu hukizima chombo hicho wasione tofauti, lakini muulize daktari wako.

Vifaa vya mdomoni hapa vinapumua. Havitaki waya. Mvuvi anayelala ufukweni kambi ya dago, mlinzi, dereva anayelala kwenye kabini, mkulima anayelinda korosho zake ghalani, wote wanaweza kukitia mfukoni. Maji ni kikombe kimoja: mswaki laini, sabuni ya maji kidogo, suuza, kausha, weka kwenye kiboksi chenye matundu. Kwa ndugu wa Newala na Tandahimba, wanaojua thamani ya ndoo moja, hilo si dogo. Dawa ya meno isitumike, inakwaruza, na kwenye mikwaruzo ndiko wadudu wanakojificha. Maji ya moto marufuku kwa vyote, na kwa cha kung'ata zaidi kwani ndiyo yanayokilainisha. Joto la kwetu lenyewe linatosha kukiharibu: kifaa kikiachwa juu ya dashibodi ya gari Januari adhuhuri kitapinda.

Salfa nataka niitaje peke yake, kwa sababu sijawahi kusikia daktari wa mbali akiitaja. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapopulizwa, ule unga hukaa hewani na pua za wengi huziba au kuwasha. Vifaa vyote vya mdomoni vinategemea pua iliyo wazi, cha ulimi kuliko vyote kwa kuwa kinaujaza mdomo. Anayepuliza avae barakoa na miwani, aoge na kusafisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala. Kama pua huziba mwaka mzima, itibiwe kwanza, vinginevyo utakilaumu kifaa kwa kosa la pua.

Na msimu wa mabibo unapofika, pombe za ulaka na nipa hulegeza koo usiku kuliko kitu kingine chochote tunachokitia mdomoni. Vidonge vya usingizi hufanya hivyo pia. Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoshinda koo lililolegezwa namna hiyo.

Safari na marudio

Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, Lindi pungufu kidogo. Kwa hiyo swali la mara ngapi utarudi ni swali la tiba kabisa. Cha kupimiwa kinataka: kuchukuliwa umbo la meno, kuvishwa, kurekebishwa mara mbili tatu, kupimwa upya, kisha kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Kabla hujakubali kutengenezewa mbali, muulize daktari kama unaweza kufundishwa kuzungusha skrubu mwenyewe nyumbani kwa ratiba ya maandishi, na kama daktari wa meno wa karibu yako anaweza kukagua fizi na meno kwa niaba yake. Mimi nilifanya hivyo na zilinibaki safari tatu badala ya sita. Namba yangu ya mwisho ilikuwa 6.

Cha kung'ata na cha ulimi havikulazimishi safari za kutengenezewa, na ndiyo mvuto wao. Lakini kipimo cha pili bado kipo palepale. Mashine, ikishapangwa msukumo wake, hurudi zaidi kwa ajili ya barakoa na vichujio kuliko kwa ajili yako.

Pesa

Cha kung'ata ndicho rahisi zaidi, cha ulimi hufuata, cha kupimiwa na mashine viko juu. Ila jumlisha yote: nauli, malazi, siku za kazi, kipimo cha pili, na kwamba cha kung'ata huchakaa ndani ya miezi wakati cha kupimiwa kikitunzwa hukaa miaka kadhaa. Mwenye bima aende ofisini kwao na barua ya daktari, aulize kwa jina la kifaa chenyewe, apate jibu la maandishi kabla ya kulipa chochote.

Ukiwa katika hali hii

Namba yako ni 30 au zaidi, au oksijeni inashuka sana, au una ugonjwa wa moyo: anzia kwenye mashine, na pigania betri ya akiba. Ikikushinda kabisa baada ya kujaribu barakoa tofauti, cha kupimiwa ni bora kuliko kukaa bure, chini ya uangalizi.

Namba iko kati ya 5 na 30, meno na fizi nzuri, umeme si wa kutegemewa au unasafiri sana: cha kupimiwa ndicho ningekijadili kwanza na daktari wa meno, na mashine kama chaguo la pili.

Hali hafifu, pesa ni kidogo, na unataka kujua kama taya lako litavumilia: cha kung'ata kinaweza kuwa jaribio la miezi michache, meno yakiwa yamekaguliwa kabla na kipimo kikiwa kimepangwa baada. Kikikuumiza kiungo cha taya, acha.

Huna meno ya kutosha, au fizi zimelegea, na pua iko wazi: jaribu cha ulimi kwa mtindo wa yule mama wa Shangani, au mashine.

Wewe ni dereva wa lori, basi au bodaboda na unasinzia barabarani: kabla ya kulinganisha kifaa chochote, simamisha kuendesha mpaka utibiwe. Mwambie bosi wako, mwambie mkeo, mwambie yeyote atakayekusaidia kupata siku hizo. Barabara ya kwenda Dar ni ndefu na una watu nyuma yako. Kwa wewe kipimo cha pili si hiari.

Pumzi inakatika zaidi ukilala chali: chochote utakachochagua, ongeza kulala ubavu. Mfuko ulioshonwa mgongoni mwa fulana na mpira mdogo ndani hukugeuza bila kukuamsha. Ukiwa mnene, kila kilo unayopunguza inakisaidia kifaa, na wakati mwingine namba hushuka kiasi cha kuhitaji kurekebisha upya.

Ni mtoto anayekoroma na kukatika pumzi: hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivi vya mdomoni nilivyoeleza kilichotengenezwa kwa ajili yake. Mara nyingi kwa watoto chanzo ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, na anahitaji daktari wa masikio, pua na koo.

Na kama huwezi kusafiri kabla korosho hazijauzwa, usikae bure hadi mnada. Lala ubavu, inua kichwa cha kitanda kwa tofali mbili, acha ulaka, safisha pua, pima presha kila wiki pale kituo cha afya na uandike namba zake kwenye daftari. Mwenzako arekodi kwa simu dakika kumi za usingizi wako, sauti na picha ya kifua. Siku utakayoingia kwa daktari, fungua daftari na hiyo rekodi kabla hujasema lolote.